Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa Mwambao, msasa wa kitambulisho na ardhi ya Pwani

Toleo hili tumeliachia barua kuhusu madai ya Pwani ya Kenya kujitenga, na kuhusu jamii ndogo ambazo serikali imezihesabu kuwa wageni katika ardhi waliyozaliwa. Barua zimefupishwa. Majibu yanafuata sheria za Kenya, isipokuwa pale tulipotaja nchi nyingine.

SWALI: Sisi huku Likoni tumekua tukisikia kwamba Pwani ilikodishwa kwa Kenyatta kwa miaka 50, na kwamba mwaka 2013 muda ulikwisha. Vijana wana nakala ya mkataba kwenye simu. Nambieni kweli: mkataba huo upo? Unasemaje? — *Msomaji, Likoni*

JIBU: Mkataba upo. Ulitiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963 baina ya Uingereza, Sultani wa Zanzibar Jamshid bin Abdullah, Serikali ya Kenya na Serikali ya Zanzibar. Miaka 50 ndiyo haimo. Hakuna kifungu cha kukodisha wala cha kurudisha. Unachosema ni kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, Mwambao utatoka katika milki ya Sultani na kuwa sehemu ya Kenya. Siku hiyo ilikuwa 12 Desemba 1963.

Habari ya kodi nayo ina asili yake. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani aliwakabidhi Waingereza utawala wa Mwambao kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus miaka yote ya ukoloni, na ndiyo sababu nchi iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya tangu 1920: bara lilikuwa koloni, Mwambao ulikuwa himaya. Wazee wanaokumbuka kwamba Pwani ilikuwa na bwana wake na kodi yake wanakumbuka sawasawa. Kosa ni kuisogeza kodi hiyo mbele ya 1963.

Kabla ya mkataba, Sir James Robertson alitumwa kuchunguza suala hili, na ripoti yake ya Desemba 1961 ilipendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya, kukiwa na kinga kwa wenyeji. Kinga hizo ziliandikwa katika barua ambazo Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana siku chache kabla ya saini ya London. Ahadi zilikuwa tano: uhuru wa dini, mamlaka ya makadhi juu ya Waislamu katika mambo ya nafsi kama ndoa, talaka na mirathi, maofisa wa utawala wa maeneo yenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri inavyowezekana, na hati za ardhi ambazo zimekwisha kuandikishwa zitambuliwe daima.

Ahadi ya makadhi imo mpaka leo, katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Ahadi ya maofisa ilififia mapema, maana upande wa pili uliopaswa kuidai uliondoka: mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 yalikuja mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya.

Ahadi ya tano ndiyo tunayomwomba kila kijana wa Pwani aisome mara mbili. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai shamba la Mwambao ajitokeze na kuthibitisha umiliki wake binafsi. Waliokuwa na karatasi za Kiarabu au uwezo wa kumweka wakili walipata hati. Mijikenda walishika ardhi kwa ukoo na kaya, kwa hiyo wengi hawakudai chochote, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Barua za 1963 zikaja kuzitambua daima hati zilizotokana na utaratibu huo. Kwa hiyo mkataba unaopeperushwa kama silaha ya skwota wa Kilifi na Kwale ndio huo huo uliomfungia mlango. Jambo hili linatuuma kulisema, lakini atakayeupeleka mahakamani bila kulijua ataumia zaidi.

Kuna na mipaka. Mwambao wa mkataba ni ukanda wa maili kumi za baharini, kama kilomita 18 na nusu, kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Kinango haimo. Voi haimo. Taveta na sehemu kubwa ya Tana River hazimo. Anayesema "Pwani si Kenya" akimaanisha kaunti zote sita hawezi kusimama juu ya karatasi hii. Tena harakati ya Mwambao ya miaka ya 1960 iliungwa mkono zaidi na Waarabu na Waswahili wa mijini. Viongozi wengi wa Mijikenda walikuwa na Ronald Ngala ndani ya chama cha KADU, wakitaka majimbo ndani ya Kenya.

SWALI: Huku kwetu Katanga bado kuna watu wanaosema jimbo lijitegemee kama wakati wa Tshombe. Sheria za Afrika zinaruhusu? — *Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Zinaruhusu watu kujiamulia mambo yao, ila kujiamulia hakumaanishi lazima dola mpya. Bahati nzuri jimbo lenu lenyewe ndilo lililoleta jibu. Baada ya Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitangaza 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963, kundi la Wakatanga lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitoka 1995. Tume ilisema kujiamulia kunaweza kuchukua sura ya uhuru kamili, shirikisho, serikali za mitaa au nyingine yoyote ambayo watu wanaitaka. Lakini bila ushahidi wa ukiukaji wa haki uliofikia kiasi cha kutia shaka mipaka ya nchi, na bila ushahidi kwamba watu wamenyimwa kushiriki katika serikali, Katanga inapaswa kujiamulia kwa njia inayopatana na umoja wa Zaire. Mwaka 2009 Tume iliwaambia watu wa Kamerun ya Kusini jambo linalokaribiana na hilo: mnayo sifa ya kuitwa "watu", haki zenu zimevunjwa, lakini dawa yake ni mazungumzo na mageuzi.

Nyuma ya hayo kuna azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Eritrea ilitoka 1993 na Sudan Kusini 2011, na katika nchi zote mbili serikali ya nchi iliyogawanyika ilikuwa imekubali kura ipigwe. Somaliland ilijitangaza 1991 bila ridhaa hiyo, na Umoja wa Afrika haujaitambua mpaka leo.

Ethiopia imeandika njia ya kutoka ndani ya katiba yake ya 1995, kifungu cha 39: theluthi mbili ya baraza la taifa husika wakubali, kisha serikali ya shirikisho iandae kura ya maoni ndani ya miaka mitatu, kisha wingi wa kura. Kenya haina mlango kama huo. Ina kifungu cha 255 tu, kinachosema kwamba kubadili eneo la nchi kunahitaji kura ya maoni ya taifa zima: angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti, na wengi waunge mkono. Kaunti sita kati ya 47 haziwezi kuipitisha peke yake. Mtu na apime mwenyewe.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana Kwale kinataka kuitisha mkutano kuzungumzia ardhi na kunyanyaswa kwa Wapwani. Tunaogopa kuitwa MRC na kukamatwa. — *Msomaji, Kombani*

JIBU: Hofu yenu ina sababu. Mombasa Republican Council (MRC), kikundi kinachodai Pwani ijitenge, ilitangazwa haramu Oktoba 2010 pamoja na vikundi vingine, jumla 33, chini ya sheria mpya ya kuzuia uhalifu wa kupangwa. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ilifuta marufuku hiyo kwa upande wa MRC, ikisema inakiuka Katiba. Hata hivyo miezi mitatu baadaye kiongozi wake, Omar Mwamnuadzi, alikamatwa huko huko Kombani katika msako uliomwaga damu. Ushindi wa mahakamani haukuwafikia askari wa doria kwa wakati.

Kuzungumzia ardhi, ubaguzi wa kazi au hata historia ya Mwambao si kosa. Yanayowaponza watu ni mambo ya pembeni. La kwanza ni kiapo: kula au kulisha kiapo cha kujiunga na kikundi cha uhalifu ni kosa linalosimama peke yake, na waendesha mashtaka hulipenda kwa sababu ni rahisi kulithibitisha kuliko njama. Msile kiapo cha aina yoyote, hata mkikiita dua ya umoja. La pili ni silaha za jadi. Panga lililoletwa na mzee mmoja kutoka shambani limewapeleka rumande watu waliokuja kusikiliza tu. La tatu ni kukutana usiku msituni. Sheria ya utulivu wa umma inaruhusu mikutano ya hadhara kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Notisi ipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, si mapema kuliko siku 14 wala si chini ya siku 3 kabla ya mkutano. Iandikeni kwa nakala mbili: jina na anwani ya makazi ya mwandalizi, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na mahali. Nakala ya pili igongwe muhuri na mbaki nayo. Hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote siku ile. Notisi si ombi la kibali. Mkuu wa kituo anaweza kukataa tu kama mkutano mwingine umekwisha kuarifiwa mahali na saa hiyo hiyo, na lazima awaambie. Akikataa kupokea barua, itumeni kwa rejista ya posta na mwandike tarehe na saa mliyokataliwa.

Ikiwa mtu amekamatwa, kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mwekeni mtu mmoja asiyehudhuria mkutano, mwenye majina ya wote na namba ya wakili. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kina ofisi Mombasa, na MUHURI, shirika la haki za binadamu la Pwani, pia hufuatilia kesi kama hizi.

SWALI: Mimi ni Mpemba, nimezaliwa Shimoni, nina miaka 24. Mama alipewa uraia mwaka 2023. Mimi sina kitambulisho, na bila hicho sipati leseni ya uvuvi wala siwezi kusajili laini ya simu kwa jina langu. Chifu ananiambia "ngoja". Nangoja nini? — *Msomaji, Shimoni*

JIBU: Kwanza tuulize jambo ambalo hukulitaja: baba yako alikuwa nani siku uliyozaliwa? Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa kama siku ya kuzaliwa kwake baba au mama alikuwa raia. Kama baba ni Mdigo au Mvumba mwenye kitambulisho, huna haja ya njia ya Wapemba hata kidogo. Wewe ni raia tangu mwanzo, na kinachokosekana ni karatasi tu. Huko Kwale wengi wameolewana, na tunaona vijana wakipanga foleni isiyo yao kwa miaka.

Kama wazazi wote wawili hawakuwa raia wakati huo, uraia alioupata mama 2023 haurudi nyuma kukufunika. Unamfunika ndugu yako atakayezaliwa baada ya hapo. Wadogo zako walio chini ya miaka 18, mama awaombee yeye. Wewe unahitaji kuandikishwa kwa jina lako.

Njia iliyofunguliwa na sheria ya uraia ya 2011 ilikuwa na kikomo: miaka mitano, na nyongeza ya mitatu. Ilifungwa Agosti 2019. Wamakonde waliingia ndani ya muda huo: Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Ikulu Nairobi. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu miaka ya 1930. Washona, jamii yenye asili ya Zimbabwe, walipewa vyeti Julai 2021, na Wapemba Julai 2023, baada ya muda kupita, kwa uamuzi wa serikali uliofuata orodha za watu waliohesabiwa vijijini. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa ofisi ya Uhamiaji ni hili: jina langu limo katika orodha ya Wapemba au halimo? Liulize kwa barua, ukitaja sheria ya kupata habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Ukiuliza kwa mdomo utaambiwa "ngoja" mara nyingine.

Vitu vya kukusanya wakati unangoja jibu: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule, nakala ya cheti cha uraia cha mama na kitambulisho chake, barua ya chifu, na barua ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, kama umekuwa ukivua chini yake. Kama hukuandikishwa ndani ya miezi sita ya kuzaliwa, utaandikishwa kwa njia ya kuchelewa, na hapo kadi ya kliniki ndiyo inayobeba mzigo. Usiilaminishe wala usiandike juu yake kwa kalamu mpya.

Mambo matatu huwaangusha Wapemba kuliko mengine. Wazee wengi, kwa shida ya wakati ule, walichukua kitambulisho kwa jina la jirani Mdigo. Sasa jina la mama kwenye cheti chako halifanani na la kwenye kitambulisho chake. Hilo hurekebishwa kwa hati ya kiapo na hati ya kubadili jina mbele ya wakili, kabla ya kuomba, wala si kwa kuongeza uongo wa pili. La pili ni kitambulisho cha Zanzibar. Asiye na nchi, kisheria, hapaswi kuwa na pasipoti wala kitambulisho cha nchi nyingine. Aliyechukua cha Unguja ili avuke kwenda mazishi amejitoa mwenyewe katika kundi hilo, na anabaki na njia ya kuomba baada ya kukaa kihalali miaka saba. La tatu: maofisa wanaweza kupima Kiswahili chako na ufahamu wako wa wajibu wa raia. Kiswahili hakikushindi, lakini jiandae kwa hilo la pili.

SWALI: Binti yangu wa miaka 19 amepigwa msasa mara mbili Garissa na bado hajapata kitambulisho. Wanafunzi wenzake wa Machakos walipata kwa wiki chache. Na nimesikia alama zake za vidole ziko kwa wakimbizi. — *Mzazi, Garissa*

JIBU: Msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani, kwa Wanubi wa Kibera na kwa Waislamu wa miji ya Pwani ulikuwa zoea la utawala kwa miongo mingi: kikao cha wazee, chifu na watu wa usalama kinachomuuliza kijana babu yake alizikwa wapi. Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliihukumu Kenya Machi 2011 kwa kuwaacha watoto wa Kinubi wakue bila uhakika wa uraia, na Tume ya Afrika ikafuata kuhusu watu wazima mwaka 2015, katika shauri lililofunguliwa 2006. Februari 2025 Rais alitia saini huko Wajir agizo la kuuondoa msasa huo, na utaratibu mpya ukatangazwa kuanza Mei mwaka huo. Kwa hiyo ofisa anayemtaka binti yako arudi kwa kamati ya wazee kwa sababu tu ni Msomali anapaswa kukuonyesha karatasi inayomruhusu.

Omba sababu kwa maandishi. Sheria ya utendaji wa haki katika utawala, ya 2015, inampa ofisa miezi mitatu kukujibu. Asipojibu, mahakama huchukulia kwamba hakuwa na sababu nzuri. Barua iwe fupi: jina, tarehe alizofika, ofisi, namba ya stakabadhi ya maombi, na sentensi moja ya ombi. Nakala ipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Malalamiko kwao hayalipiwi.

Alama za vidole ni jambo zito zaidi na ni tofauti. Miaka ya njaa, familia za Kikenya za kaskazini mashariki zilijiandikisha Dadaab ili wapate chakula na shule, wakaandikisha na watoto. Mtoto akifika 18, kompyuta inamwita mkimbizi. Barua kwa ofisi ya usajili wa vitambulisho haitamsaidia mpaka jina litolewe kwenye rejista ya wakimbizi, na hilo ni la Idara ya Huduma za Wakimbizi. Waende na vitambulisho vya wazazi wote wawili, cheti chake cha kuzaliwa kilichotolewa *kabla* ya tarehe ya usajili wa kambini kama kipo, na kumbukumbu za shule. Kama mzazi mwenyewe naye ameandikishwa huko, aanze mzazi. Tumeona familia zinazomtanguliza mtoto zikirudishwa nyuma mwaka mzima. Haki na Sheria, shirika lililoko Garissa, wamelisimamia suala hili kwa muda mrefu na wana wasaidizi wa kisheria. Kwa Wanubi, Nubian Rights Forum iko Kibera.

SWALI: Tumeishi kwenye shamba la bwanyenye asiyeonekana, huku Kilifi, tangu enzi za babu. Sasa amekuja mtu na hati miliki. Tumesikia kuna sheria ya miaka 12. Pia tumeambiwa tudai dhuluma ya kihistoria. Tushike ipi? — *Msomaji, Takaungu*

JIBU: Ya dhuluma ya kihistoria mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilifungwa Septemba 2021. Ilihusu matendo ya kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, na madai yalipaswa kufika ndani ya miaka mitano tangu Septemba 2016. Mkiwa mliwasilisha kabla ya Septemba 2021, tafuteni namba ya dai lenu. Mkiwa hamkuwasilisha, iulizeni Tume yenyewe kama mlango umefunguliwa tena, na msimlipe mtu yeyote anayesema atawaingiza.

Sheria ya miaka 12 ipo, na Mahakama ya Rufani ya Malindi iliithibitisha mwaka 2015 kuwa haipingani na Katiba. Inasema hivi: aliyeikalia ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, wazi, bila ruhusa na bila kufukuzwa, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imwandike yeye kuwa mwenyewe. Kuuzwa kwa shamba kwa mtu mpya hakuanzishi hesabu upya: mnunuzi anarithi miaka iliyokwisha kupita. Barua ya wakili ya kuwataka mhame nayo haisimamishi saa. Kinachosimamisha ni kesi iliyofunguliwa, au kuwatoa kweli.

Anzeni na sachi, yaani upekuzi wa rejista, kwenye ofisi ya ardhi. Msifanye lolote kabla ya hapo. Mnatafuta namba ya kiwanja, jina la mwenye hati, na hasa *tarehe ambayo ardhi ilianza kuwa ya mtu binafsi*. Miaka 12 haihesabiki dhidi ya ardhi ya umma wala ya jamii. Kama shamba lilikuwa la serikali hadi 2018, babu zenu wangekuwa hapo tangu 1900 mngekuwa bado hamjatimiza. Hapa ndipo kesi nyingi za Kilifi huanguka, na wenyewe hutoka mahakamani wakiamini hakimu amenunuliwa.

Kesi hufunguliwa kwa samansi maalumu yenye hati ya kiapo, na kiapo lazima kiambatane na nakala ya rejista ya hati iliyothibitishwa na msajili. Fotokopi ya sachi haitoshi. Kisha mleteni mpima ardhi achore kipande ambacho kila familia inakalia, kwa vipimo. Kusema "sisi watu 200 tunakaa shamba hili la ekari 400" bila ramani ni kumpa hakimu kitu asichoweza kuandikia amri. Ushahidi mzuri ni minazi na mikorosho ya umri unaojulikana, makaburi, visima, msikiti na picha za zamani.

Sasa la hatari. Neno ni *bila ruhusa*. Mkiwa mnamlipa mwenye shamba au wakala wake kodi ya kiwanja, hata shilingi mia kwa mwaka, mko hapo kwa ruhusa yake na miaka yenu haihesabiki. Mombasa, ambako nyumba ni ya mmoja na ardhi ni ya mwingine, karibu wote hukwama hapa. Vile vile yule mwenye hati atakuja na karatasi ya "makubaliano ya amani" inayosema mnamtambua kuwa mmiliki na yeye anawapa miezi sita. Msiitie saini. Saini moja ya mzee wa kijiji imewahi kufuta miaka 40 ya watu wote.

Mkishamfungulia kesi, wekeni kizuizi kwenye rejista siku hiyo hiyo, la sivyo ardhi itauzwa mara tatu kabla ya kutajwa. Na ikiwa serikali itakuja na pendekezo la kulinunua shamba ili iwagawie, ulizeni mapema nani atalipa. Kule Likoni, ekari 930 za mwenye shamba Evanson Waitiki ziliponunuliwa na hati kutolewa Januari 2016, wakaaji waligundua baadaye kwamba kila mmoja anadaiwa shilingi 182,000. Aliyekwisha kutimiza miaka yake 12 anaweza kuipata mahakamani bila kuinunua.